Milango Miwili ya Nyumba ya Feni

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa blanketi, saa ya ukutani na kipande cha keki, kisha mkaniomba niseme maneno mawili. Nikasema asanteni, nikaketi. Mlipiga makofi kwa furaha ya kweli, maana mnanijua, nikianza simalizi. Sasa niko nyumbani Bulla Pesa, na hakuna wa kunikatiza isipokuwa mama watoto, naye ameenda sokoni. Basi maneno mawili ndiyo haya.

Vyeo na mishahara niachieni. Hivyo mtavipata wenyewe na mtavilalamikia wenyewe. Mimi nataka kuwaeleza juu ya nyumba ya feni, ile mnayoipita mkienda Gotu, chini ya kilima cheusi, yenye dohani nene iliyopanuka juu badala ya kuchongoka. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama ni msikiti ulioachwa kabla haujaisha. Mwingine, simtaji lakini anajijua, alisema ni tanuri la mikate. Ilikuwa pua ya mgodi. Leo imezibwa, na kila nikiikumbuka roho inaniuma.

Nilifika pale kijana mbichi kutoka Meru, nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu mama alisema huwezi kujua. Mgodi ulikuwa wa yakuti, yale mawe ya buluu ambayo sisi tuliyachimba na wengine wakayavaa. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi. Nilijua injini ya dizeli na mkanda wake, na hiyo ilitosha. Nikatumwa kwa Fundi Ekai.

Ekai alikuwa Mturkana wa Ngare Mara, mrefu, mkavu, mwenye viganja vipana. Ndiye aliyeijenga ile nyumba jiwe kwa jiwe, akifuata ramani za mchoraji mmoja wa kutoka ng'ambo aliyekuja na karatasi nyingi akaondoka na malaria. Ilipokwisha, kampuni iliona anayeijua ndani na nje ndiye aichunge, ikamfundisha kazi ya feni. Alitazama sweta zangu kwanza, ndipo akanitazama uso.

"Ejok," akanisalimia. "Wewe umetoka Meru ama umetoka ndani ya friji?"

"Meru, mzee."

"Basi nitakuita Miraa. Toa hiyo kitu uingie, nikuonyeshe nyumba."

Tangu hapo hakuniita jina lingine, ingawa Kirimi si jina gumu.

Sasa nyumba yenyewe. Nimepima majengo mengi tangu wakati ule, na bado sijaona lililofikiriwa vile. Wachimbaji waliingilia juu, karibu na kilele, upande wa pili wa kilima. Mgodi uliteremka ndani ukipindapinda, na chini kabisa kulikuwa na handaki moja lililotokea kwetu. Kwa hivyo hewa iliingia juu pamoja na watu, ikawapitia, ikatufikia imechoka. Feni iliivuta na kuisukuma kwenye dohani. Kuta zilikuwa za mawe meusi ya hapo hapo, nene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani vidole havifiki nje. Na madirisha yenyewe yalikuwa nyufa tu, juu huko, za kuingiza mwanga. Ndani hukuti kona. Kila mahali ukuta ulipokutana na ukuta pamezungushwa, na handaki lilipoingia chumba cha feni lilipinda taratibu, lipu yake laini mpaka unaona aibu kuigusa na mikono ya grisi.

"Upepo haipendi kona," Ekai aliniambia. "Ikifika kwa kona inasimama kuuliza njia. Na watu wako huko ndani wanangoja."

Lipu ile aliipiga kwa mwiko, kisha kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyolowa maji, kisha kwa kiganja chake mwenyewe. Mchoraji alikuwa ameagiza mwiko tu. Hayo mengine Ekai aliyaongeza kwa sababu aliipenda kazi, na nadhani pia kwa sababu alijua yeye ndiye atakayebaki akiiangalia.

Lakini kila kitu kilitegemea milango. Ili kuifikia feni ulipita milango miwili mizito ya mbao iliyovikwa bati, na katikati yake palikuwa na chumba kidogo kama stoo. Unafungua wa nje, unaingia, unaufunga. Ndipo unafungua wa ndani. Ole wako uifungue yote miwili kwa pamoja.

"Feni ni mvivu kama mtu," Ekai alieleza. "Ikiona njia ya mkato inachukua. Itakunywa upepo ya hapa mlangoni, iache ya kule kwa watu."

Mlango wa ndani ulikuwa na kidirisha kidogo cha kusawazisha nguvu ya hewa. Bila kukifungua kwanza, feni iliushikilia ule mlango hata wanaume watatu wasiuvute. Na palikuwa na desturi. Pale kwetu milango ile ilihesabiwa kama watu. Kabla ya kumgusa wa ndani, ulisimama kwenye kile chumba ukapaza sauti: "Wa nje amelala?" Mwenzako akajibu: "Amelala!" Kama uko peke yako ulijiuliza na kujijibu. Wiki ya kwanza nilijiona kichaa. Nilipopata likizo ya kwanza nikaenda nyumbani, nilimuuliza mama kama mlango wa jikoni amelala, naye akaanza kuniombea.

Vyombo vyetu vilikuwa spana, mkebe wa grisi, na kitambaa. Hicho kitambaa kilikuwa kipande cha shuka nyekundu kilichofungwa kwenye ukingo wa handaki. Kikilala kuelekea feni, hewa inatembea vizuri. Kikisitasita, kuna mahali mkanda umelegea au jiwe limeanguka ndani. Ekai aliweza kunywa chai, kupiga domo na kunicheka, yote bila jicho lake kutoka kwenye kile kitambaa.

Tulikuwa na vituko pia. Mara moja injini iliharibika, na kabla spea haijafika nyuki wakahamia dohanini. Tulipoiwasha, feni iliwarusha wote juu, wakatua kwenye banda la chakula saa ya ugali. Sijawahi kuona wachimbaji wakikimbilia mgodini kwa hamu namna ile.

Lakini kuna siku haikuwa ya kuchekesha. Baada ya kulipua baruti, wachimbaji hukaa nje wakingoja feni ivute moshi, halafu huingia. Siku hiyo mimi na Ekai tulikuwa kwenye banda la injini nyuma ya nyumba. Mpishi akatuletea chai, birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. Akamwegemezea wa nje jiwe. Akafungua kidirisha, akamwegemezea wa ndani jiwe. Akaweka chai karibu na feni, na alipotoka akaiacha milango wazi, kwa sababu ndani mlikuwa na joto na alitaka tukija tupate hewa. Alidhani anatufanyia wema, maskini. Kule juu wachimbaji waliingia wakati wao wa kawaida, na moshi ulikuwa bado umejaa. Walitoka wakitambaa. Mmoja, mtu wa Merti, alitolewa mabegani, na pumzi yake ilirudi tulipomwagia maji. Hakushuka tena mgodini maisha yake. Alienda Rapsu, na nasikia analima vitunguu.

Ekai hakumkaripia mpishi. Aliketi kwenye kizingiti.

"Nyumba yangu ilitaka kuua watu," akasema.

Nikamwambia si nyumba, ni milango. Akanijibu kwamba milango ndiyo nyumba. Kuanzia hapo, kila siku ya baruti alikaa kwenye kile chumba cha katikati mpaka moshi uishe, na ungemsikia akiuliza na kujijibu peke yake, amelala, amelala. Hakuna aliyemcheka.

Mgodi ulifungwa miaka mingi baadaye. Sijui yakuti ziliisha au soko liliisha, sisi hatukuambiwa. Ekai ndiye aliyezima feni. Wakaing'oa, wakaiuza pamoja na injini, na njia ya kwenda dohanini wakaiziba kwa mabati ili popo wasijae. Wakamwambia Ekai akae alinde mpaka mtu aje kuchukua funguo. Hakuja mtu. Kampuni ilipotea, yeye akabaki, na mbuzi wake wachache na kijumba chake cha manyatta hapo kando.

Mimi nilipata bahati ya kuchukuliwa na ofisi ya ujenzi hapa mjini, na sehemu hiyo mnaijua kwa sababu mliivumilia. Nilirekebisha mapaa ya zahanati, vyoo vya shule vilivyojengwa upande upepo unakotoka, na nyumba moja ya daktari ambayo dirisha lake la chumba cha kulala lilitazama jua la saa nane. Kila mara nilipomwambia fundi azungushe kona, alinitazama kama mlevi. Hiyo yote nilijifunza kwa Ekai, na kama mlidhani nimeisoma chuoni, msiwasahihishe wengine wanaodhani hivyo.

Siku moja nilikuwa natoka Gotu kuangalia tangi la maji, nikapita kumsalimia mzee. Nikasikia kelele za wanawake kutoka ndani ya ile nyumba.

"Wa nje amelala?"

"Amelalaaa!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaingia, harufu ya maziwa yaliyochacha ikanipokea, kicheko kikaniisha.

Walikuwa akina mama wa maziwa. Kiongozi wao aliitwa Mama Halima, Mborana, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Walikusanya maziwa ya ngamia alfajiri kwa wafugaji, na pikapu ya kuyapeleka mjini ilifika adhuhuri. Kutoka mjini yalisafirishwa Nairobi, na wateja wa huko walitaka maziwa mabichi. Lakini katika jua lile, kabla pikapu haijafika yalikuwa yameshageuka susa. Susa ni maziwa matamu ya kuganda, mimi naipenda, ila mtu aliyeagiza mabichi ukimpelekea susa hakuulizi habari ya safari.

"Salaam aleikum," Mama Halima alinisalimia. "Wewe ndio yule Miraa?"

"Aleikum salaam, mama. Ndiye mimi."

"Mzee anasema wewe ni kama mtoto wake. Basi ongea na baba yako. Mimi nilikaa hapa siku moja kujificha jua, hiyo kidirisha ikanipulizia baridi kwa shingo. Nikasema alhamdulillah, hapa ndio mahali ya maziwa. Sasa mzee ametukubalia hii chumba ya katikati, lakini anafungua mlango moja, anafunga, anafungua ingine. Hiyo baridi itatoka saa ngapi?"

Nilichomoa hanchifu nikaishika kwenye kidirisha. Ilinyooka kuelekea nje. Nikaelewa. Feni haikuwepo, lakini mgodi ulikuwa bado unapumua wenyewe. Jua likiwa kali, hewa ya ndani ni baridi na nzito, inateremka, inatafuta pa kutokea chini, na nyingine inaingia juu kuchukua nafasi yake. Ukifungua milango yote miwili, upepo baridi unapita katika kile chumba mchana kutwa. Zungushia mitungi magunia yaliyolowa, na maziwa yako yatakaa salama mpaka pikapu ije. Ukifunga mmoja, hakuna kinachotembea.

Nilimwambia Ekai siku hiyo hiyo. Alitikisa kichwa.

"Milango mbili haifunguliwi pamoja, Miraa. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha wakati kuna feni, mzee. Na wakati kuna watu ndani."

"Haifunguliwi."

Sikuacha. Kila nilipopita njia ile nilimrudia, kwa upole, kwa mzaha, mara moja kwa hasira. Mama Halima naye hakuacha. Walizozana mlangoni kila asubuhi mpaka mbuzi wakazoea. Mwisho mzee alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali injini ilipokuwa.

"Unafikiri mimi ni mjinga?" akaniuliza. "Feni imekufa, najua. Si ni mimi nilizima?"

"Basi fungua, mzee wangu. Fungua akina mama wapate riziki."

Alitazama pale injini ilipokaa.

"Nikifungua zote mbili, hii si nyumba ya feni tena. Ni shimo iko na ukuta. Na mimi hapa nalinda nini?"

Ningemwambia analinda maziwa. Ni jibu zuri kabisa, nalo lilinijia baada ya mwaka.

Akina mama walianza kupungua. Mmoja alipata njia nyingine, mwingine akachoka, na kiangazi kilipokaza Mama Halima mwenyewe alimwaga mitungi miwili mbele ya mlango, mbele ya Ekai, akaondoka bila kuaga. Alienda mjini, akashirikiana na wenzake kwenye friza moja. Ekai alifagia pale mahali mchana kutwa.

Haukupita muda, ndama wa ngamia akaanguka kwenye mdomo wa juu wa mgodi. Wafugaji walikuja ofisini wakiwa na hasira, na walikuwa na haki, kesho angeanguka mtoto. Ikaamuliwa mashimo yote ya zamani yazibwe. Injinia wetu, huyu mama kijana mnayemjua, aliweka utaratibu ambao hata mimi niliuunga mkono: shimo lenye mtumiaji liwekwe wavu wa chuma, hewa ipite na watu wasianguke; shimo lisilo na mtumiaji limwagiwe zege. Tukaenda pamoja kukagua.

Ekai alikuwa amesikia wakubwa wanakuja. Alivaa koti lake la kampuni, vifungo vyote mpaka shingoni, katika joto lile. Injinia alimsalimia kwa heshima, akaisifu lipu, akapitisha mkono kwenye kona ambazo si kona. Halafu akauliza swali lake.

"Mzee, kuna mtu anatumia hii nyumba?"

Ekai alinyooka.

"Hakuna mtu! Hapa haingii mtu bila mimi. Hata mbuzi haingii. Nimelinda tangu kampuni iende."

Nikadakia, "Kulikuwa na akina mama wa maziwa, mzee, si unakumbuka?"

"Hao walienda," akasema kwa fahari. "Hakuna mtu."

Ndugu zangu, alidhani anaulizwa kama amefanya kazi yake. Mlinzi gani atamwambia mkubwa kwamba watu wanaingia na kutoka? Alijibu vizuri kuliko mlinzi yeyote, na kwa jibu lile akaiua nyumba yake.

Garini nilimweleza injinia habari yote. Alinisikiliza, hakunidharau.

"Mzee Kirimi, ningependa kuiacha. Lakini mwenyewe amesema hakuna. Nikikuta maziwa mle ndani kabla zege haijamwagwa, nitabadilisha iwe wavu. Nakuahidi."

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Halima. Alikuwa amekaa juu ya mtungi nje ya chumba cha friza, stima imepotea, uso umemvimba kwa hasira.

"Mimi sina ubaya na mzee," akaniambia. "Shida ni maziwa, haina subira. Akifungua zote mbili, wallahi narudi hata kesho. Hii friza yenyewe unaiona."

Kesho yake nikarudi kwa Ekai, nikamweleza wazi, bila kuzunguka: wanaziba kwa sababu ulisema hakuna mtu. Aliketi kizingitini, akainuka, akaketi tena. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya moshi.

"Lakini nilisema hivyo ndio ajue nafanya kazi," akasema.

"Najua, mzee."

"Nenda, Miraa. Niache nifikirie."

Nikaenda. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo nikilala: kwamba nilienda. Alikuwa mwalimu wangu, aliniambia niende, na mimi nikatii kama nilivyotii siku ya kwanza aliponiambia nivue sweta.

Siku moja kabla ya tarehe ya zege alinipigia simu. Ilikuwa jioni, sauti yake inakatikakatika.

"Lete huyo mama. Nitafungua."

Nilifurahi, haki ya Mungu, nilimkumbatia mama watoto mpaka akauliza nimekula nini. Asubuhi nilichukua pikapu, nikampitia Mama Halima na mitungi yake, tukaenda tukicheka njia nzima. Yeye akifanya mazoezi ya jinsi atakavyomwambia mzee, "Nilikuambia!" halafu akisema hapana, sitamwambia, nitamsalimia tu.

Tulipokaribia, nikaona lori la mchanga linateremka kutoka upande wa pili wa kilima, tupu. Nilisimamisha gari nikamuuliza dereva. Akasema mwenye tenda alipata saruji mapema, kwa hivyo walianza na mdomo wa juu jana mchana, leo wanakuja kumalizia huku chini. Mdomo wa juu umekwisha, umeshika vizuri sana. Alisema hivyo akitabasamu, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri.

Nilimpigia injinia hapo hapo. Akasema, "Pole, Mzee Kirimi. Zege ikishashika, sina ruhusa ya kuibomoa." Nilisikia kwa sauti yake kwamba alimaanisha ile pole. Mama Halima alikuwa amesikia kila kitu. Aliniashiria tu tuendelee.

Milango yote miwili ilikuwa wazi. Ekai alikuwa ameiegemezea mawe, amefagia chumba cha katikati, amelowesha magunia na kuyapanga. Alikuwa amevaa lile koti. Alisimama katikati ya milango, uso umegeukia handaki, na hakukuwa na upepo wowote.

"Karibu mama," akasema. "Weka hapo. Ngoja kidogo, itakuja. Asubuhi huwa inachelewa."

Mama Halima aliingia, akaweka mitungi yake kwenye magunia, akasimama karibu naye. Jua lilikuwa limepanda na mawe ya nje yalianza kuchoma. Ekai alinyoosha kiganja kuelekea handaki. Akakigeuza. Akakilowesha ulimini, akakinyoosha tena.

"Naisikia, mzee," Mama Halima akasema polepole. "Iko. Baridi kidogo, lakini iko."

Mzee alinigeukia mimi.

"Juu wameziba, mzee," nikamwambia.

"Lini?"

"Jana mchana."

Akaitazama milango, mmoja baada ya mwingine.

"Jana mchana nilikuwa nimefunga. Sikuisikia ikifa," akasema.

Mama Halima alirudia kwamba anaisikia, safari hii machozi yanamtoka. Ekai alimwekea mkono begani, kitu ambacho siamini aliwahi kukifanya kwa mwanamke asiye wa nyumba yake.

"Usinidanganye, mama. Mimi ni mtu wa upepo. Toa maziwa hapa haraka, itaharibika."

Kisha akafungua vifungo vya lile koti, akalivua, akaliacha sakafuni. Akainama, akachagua mtungi mzito kuliko yote, akauinua kifuani kwa mikono yake miwili, akatoka nao juani kuelekea kwenye gari. Nilimfuata ili nimsaidie, akakataa.